Mkimbizi Akivuka Busia au Malaba: Mwongozo Kamili wa Kumpokea Bila Kuijaza Seli

Seli ya kituo cha polisi imewekwa imshike mtu kwa saa 24, si zaidi. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, kuanzia Busia na Malaba mpakani na Uganda hadi Kisumu na Nakuru, mara nyingi ndiyo inayokuwa malazi ya kwanza ya mtu aliyekimbia vita. Analala humo na mlevi wa Jumamosi na kijana wa kesi ya wizi wa kuku. Jumatatu anapelekwa kortini, anakubali shtaka asilolielewa, na safari yake ya kutafuta usalama inaishia Kodiaga au gereza jingine ambalo tayari limefurika.

Sababu kubwa ninayoiona katika kazi hii ya usaidizi wa kisheria ni moja: mtu huyu anaomba hifadhi, ila hakuna aliyelisema hilo mapema wala kuliandika mahali. Likisemwa na kuandikwa siku ya kwanza, kazi inayobaki inakuwa nyepesi kwa kila mtu, askari naye akiwemo. Mwongozo huu ni wa makanga wa basi la Kampala, chifu na naibu wake, mzee wa Nyumba Kumi, mchungaji, imamu, jirani mwema, na afisa wa zamu anayeachiwa watu asiojua awapeleke wapi.

Wanaovuka ni akina nani

Wengi wanatoka mashariki mwa Kongo. Waasi wa M23 waliiteka Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, na ingawa waliohama wengi walibaki ndani ya Kongo au wakaingia Burundi na Uganda, wapo waliosonga hadi huku. Kuna Warundi, kuna Wasudan Kusini, na tangu vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, kuna Wasudan pia. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni 1.7, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, na barabara za kutoka huko kuja kwetu zinapitia Busia na Malaba.

Usitarajie kuwaona kwa msafara. Wanashuka basi kama abiria wengine, au wanavuka kwa boda boda kupitia vichochoro vya panya kwa sababu hawana pasipoti na wanaogopa dirisha la uhamiaji. Kuvuka kwa njia hiyo hakumwondolei mtu haki ya kuomba hifadhi. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, ambao Kenya imeukubali, kinakataza kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu aliingia bila kibali, mradi ametoka moja kwa moja kwenye hatari, ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu. Hayo ya kujitokeza na kueleza ndiyo kazi yetu kumsaidia.

Sheria mbili za kuzijua kwanza

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022 na kuchukua nafasi ya ile ya 2006, inamtambua mkimbizi kwa njia mbili. Yupo anayeogopa kuteswa kwa ajili ya kabila, dini, uraia, kundi lake katika jamii au msimamo wake wa kisiasa. Yupo pia aliyekimbia uvamizi au machafuko yaliyovuruga usalama wa nchi yake. Mwombaji anatakiwa ajitokeze mwenyewe mara tu anapoingia, au kwa vyovyote ndani ya siku 30. Na sheria hiyo hiyo inakataza kumrudisha mtu kwa nguvu mahali ambapo maisha au uhuru wake uko hatarini.

Upande wa pili ipo Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Kifungu cha 53 kinafanya kuwepo nchini bila kibali kuwa kosa, na adhabu inafika faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Askari wengi wa doria wanaijua hii ya pili kwa moyo, na ile ya kwanza wameisikia tu. Ndiyo maana mtu yule yule anaweza kuitwa mwombaji hifadhi asubuhi na mshtakiwa jioni. Tofauti inaletwa na maandishi.

Hatua ya kwanza: mazungumzo mafupi, karatasi moja

Mketishe mahali pa utulivu, mpe maji, kisha ujue mnaelewana kwa lugha gani. Mtu wa Bukavu atakujibu kwa Kiswahili na utadhani mambo ni shwari, lakini Kiswahili cha kule kina Kifaransa ndani yake na maneno mengine yana maana tofauti na yetu. Rudia kila jibu kwa maneno yako, umuulize kama ndivyo alivyosema. Kwa Mrundi anayezungumza Kirundi au Msudan anayezungumza Kiarabu, tafuta mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wake, maana mtoto hapaswi kusikia kwa mara ya pili yaliyowapata.

Usimdai simulizi lote la vita. Kuna maofisa waliofunzwa kuuliza hayo, na kila anapolisimulia anaumia. Wewe unahitaji machache: ametoka wapi, amevukia wapi na tarehe gani, amekuja na nani, nani amepotea njiani, ana karatasi gani, kuna mgonjwa au mjamzito, na je, alishasajiliwa Uganda au nchi nyingine. Swali hilo la mwisho liulize kwa upole, na umshauri aseme ukweli. Kumbukumbu za usajili hufanyiwa ulinganisho, na uongo mmoja mdogo unaweza kuharibu ombi zima. Kama alikuja kutafuta kazi tu, pia mwambie ukweli: njia yake ni vibali vya uhamiaji. Kumfundisha mtu hadithi ya uongo kunawaumiza wale wenye hadithi ya kweli.

Muulize pia kama kuna mtu anamdai nauli, ameshika karatasi zake au amemwahidi kazi Nairobi. Hizo ni dalili za biashara ya binadamu. Sheria ya kupambana na biashara hiyo ya 2010 inasema mwathiriwa hawajibiki kwa kosa la kuwepo nchini bila kibali, na hilo lazima lifike kwa polisi likiwa limetamkwa wazi.

Kisha andika karatasi. Mimi hutumia maneno haya, na hayajawahi kuhitaji kurefushwa:

"Mimi ni (jina), raia wa (nchi). Niliingia Kenya tarehe (tarehe) kupitia (mahali). Nimekimbia nchi yangu kwa kuhofia maisha yangu. Naomba hifadhi nchini Kenya, na naomba nifikishwe kwa Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Nimesomewa maandishi haya kwa (lugha) na nimeyaelewa."

Atie sahihi au kidole, mkalimani naye aandike jina lake. Tengeneza nakala tatu: moja ibaki naye, moja iende ofisini, moja ikae kwako. Kopi ya shilingi chache katika duka la karibu imewaokoa watu wengi kuliko hotuba.

Hatua ya pili: kuripoti, na namba ya OB (daftari la matukio la polisi)

Ikiwa bado yuko mpakani, dirisha la kwanza ni la uhamiaji katika kituo cha pamoja cha mpaka. Aseme pale pale, kwa sauti, kwamba anaomba hifadhi. Maofisa wa afya wa mpakani nao wampime, hasa kama ana homa au vipele, kwa sababu ugonjwa ukigunduliwa baadaye ndani ya seli iliyojaa unakuwa wa watu wote.

Ikiwa amekwisha kuingia ndani, tuseme amelala kwa jamaa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, au kwenye kanisa mjini Nakuru, mpelekeni kwa chifu na kisha kituo cha polisi mkiwa na ile karatasi. Msiende usiku. Nendeni asubuhi ya siku ya kazi, mzee mmoja anayeheshimika akiwa mbele, na mseme mapema mlichokuja kufanya:

"Habari ya asubuhi, afande. Tumemleta mama huyu na watoto wake. Wametoka Kongo, wanaomba hifadhi. Tunaomba uandike kwenye OB kwamba wamejiripoti, kisha utuelekeze pa kuwapeleka."

Sasa kaa hapo kwenye kaunta uangalie kalamu. OB ni daftari kubwa lenye mistari, kila tukio lina namba yake ya siku. Ukipewa namba kama OB 23/14/5/2025, maana yake ni tukio la 23 la tarehe 14 Mei 2025. Soma kilichoandikwa kabla hujaondoka. "Raia wa kigeni amepatikana bila vitambulisho" na "Raia wa Kongo amejiripoti akiomba hifadhi" ni sentensi mbili zenye matokeo tofauti kabisa. Kama ni ile ya kwanza, omba kwa heshima irekebishwe, na uonyeshe karatasi yako. Namba ile iandikwe kwenye nakala yake na ipigwe picha kwa simu, kwa sababu ndiyo ushahidi kwamba alijitokeza ndani ya zile siku 30.

Siku hiyo hiyo piga 1517, namba isiyolipiwa ya shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR. Eleza watu ni wangapi, wako wapi na namba ya OB. Usajili wenyewe hufanywa na Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na waombaji huelekezwa vituo vyake, kama Kakuma na Dadaab au ofisi ya Shauri Moyo kule Nairobi. Kutoka huku kwetu njia ya Kakuma hupitia Kitale na Lodwar, na kuna vizuizi vya polisi. Msimpakie mtu kwenye basi la Kitale kwa matumaini tu. Ombeni barua ya safari kutoka kwa ofisi iliyompokea, yenye majina ya wote hadi mtoto mchanga.

Huduma hizi zote ni bure. Mtu akidai "chai" ili ampeleke mbele kwenye foleni, andika jina lake na mahali, msilipe.

Hatua ya tatu: akiwa tayari amekamatwa

Hapa saa zinahesabiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinampa kila aliyekamatwa, awe raia au mgeni, haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, kuzungumza na wakili au mtu wa kumsaidia, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24. Muda huo ukiishia nje ya saa za korti, anafikishwa siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana Ijumaa jioni ni saa mbaya: anayekamatwa wakati huo atakaa hadi Jumatatu, na ikiwa Jumatatu ni sikukuu, hadi Jumanne. Ukisikia kuna msako siku ya Ijumaa, fika kituoni kabla ya saa kumi.

Muone OCS, yaani mkuu wa kituo, yeye mwenyewe ukiweza. Usianze kwa kumtisha na Katiba. Yeye ana seli ndogo, bajeti ya chakula isiyotosha na wakubwa wanaomuuliza takwimu, kwa hiyo mpe njia ya kuondoa watu seli ambayo itamlinda yeye pia: rekodi ya OB, barua yako, namba ya UNHCR, na kanisa au familia iliyo tayari kuwapokea. Anao uwezo wa kumkabidhi mtu kwa ofisi ya uhamiaji au ya wakimbizi bila kumshtaki, au kumwachilia kwa dhamana ya polisi. Mgeni hunyimwa dhamana hasa kwa sababu hana makao yanayojulikana. Barua ya chifu inayosema atalala wapi huondoa sababu hiyo.

Watoto wasilale seli na watu wazima. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka mtoto ashikiliwe kama njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi, na mbali na wakubwa. Mwite afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au piga 116. Kijana wa miaka 16 mwenye ndevu chache huandikwa "mtu mzima" kwa kumtazama tu. Omba umri wake uthibitishwe hospitalini.

Wanawake watenganishwe na wanaume. Dawa za aliyekuwa akitibiwa, iwe ni kisukari, kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi, ziingie naye. Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 inampa haki ya chakula, matibabu na mazingira yenye utu, na wewe unayepeleka uji unaweza kuuliza kwa adabu kwa nini watu kumi na watano wanalala penye nafasi ya sita.

Hatua ya nne: kortini, na lile "ni kweli"

Hapa ndipo tunapowapoteza wengi, tena ndani ya dakika tatu. Karani anasoma shtaka haraka haraka: kwamba tarehe fulani, mahali fulani, ukiwa raia wa kigeni, ulipatikana nchini Kenya kinyume cha sheria. Kisha anauliza, "Ni kweli ama si kweli?" Mama wa watu, aliyefundishwa tangu utotoni kutobishana na wakubwa, anajibu, "Ni kweli." Kwa fahamu zake anakubali kwamba ametoka Kongo na kwamba hana karatasi. Korti imesikia kwamba amekiri kosa. Kinachofuata ni faini asiyoweza kulipa, kifungo badala ya faini, na mara nyingine amri ya kurudishwa kwao baada ya kifungo, yaani kule kule alikokimbia.

Mtayarishe kabla hajaingia. Ukizungumza naye kupitia mkalimani, mwambie aombe kwanza asomewe shtaka kwa lugha yake. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mkalimani bila malipo. Akiulizwa, ajibu: "Si kweli, Mheshimiwa. Nilikimbia vita, naomba hifadhi, na nilijiripoti." Ataje namba ya OB kama ipo.

Na kama ameshasema "ni kweli", bado mlango haujafungwa. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, utaratibu katika korti zetu ni kwamba shtaka na maelezo yake yasomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, naye apewe nafasi ya kuyajibu. Akisema jambo linaloleta shaka kuhusu kosa lake, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana. Kwa hiyo mshtakiwa akiulizwa kuhusu maelezo, au hata wakati wa kujitetea kabla ya hukumu, aseme tena kwamba alikimbia na anaomba hifadhi. Hakimu makini akisikia hivyo husimama.

Zungumza pia na mwendesha mashtaka asubuhi, kabla korti haijaanza, ukimwonyesha karatasi na jibu lolote lililotoka UNHCR au idara ya wakimbizi. Anaweza kuondoa mashtaka chini ya kifungu cha 87(a) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka. Wengi wao wakishaona barua hawana hamu ya kumfunga mama mwenye mtoto mgongoni. Wakili wa bure anapatikana: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili, na yapo mashirika kama Refugee Consortium of Kenya na Kituo Cha Sheria yanayofanya kazi hii kila siku.

Hatua ya tano: akiwa amefungwa

Usikate tamaa. Rufaa kwenda Mahakama Kuu hupelekwa ndani ya siku 14 tangu hukumu, na magerezani kuna ofisi inayowasaidia wafungwa kujaza fomu. Hata bila rufaa, Mahakama Kuu inaweza kuliitisha faili la korti ya chini na kulipitia. Kinachohitajika kuanzisha hilo huwa ni barua fupi kwa naibu msajili, yenye namba ya kesi, jina la gereza, na maelezo kwamba mfungwa ni mwombaji hifadhi. Toeni barua hiyo Kisumu, Busia, Bungoma, Kakamega au Nakuru, kutegemea korti iliyomhukumu. Barua yenye ukurasa mmoja husomwa upesi kuliko ya kurasa saba.

Hatua ya sita: msongamano ni kazi ya pamoja

Kumtoa mtu mmoja mmoja kunachosha, na seli hujaa tena. Njia inayofanya kazi ni kulileta jambo mbele ya kamati ya watumiaji wa mahakama. Kila kituo cha korti kinayo. Huwakutanisha hakimu, polisi, mwendesha mashtaka, magereza, afisa wa urekebishaji tabia, mawakili na jamii. Pendekezeni mambo machache yanayopimika: OCS atume kila Ijumaa kabla ya saa sita orodha ya wageni walioko seli na lugha zao, korti iwe na orodha ya wakalimani wa Kirundi, Kinyarwanda, Kilingala na Kiarabu pamoja na simu zao, mwombaji hifadhi asishtakiwe kabla idara ya wakimbizi haijaarifiwa. Hili la tatu litapingwa. Endeleeni kulileta, mkiwa na idadi za waliofungwa na baadaye kugundulika ni wakimbizi.

Jamii nayo itoe mahali. Chumba cha kanisa au madrasa chenye magodoro kwa familia moja au mbili, kikijulikana kwa chifu na kwa polisi, kinapunguza watu seli usiku ule ule. Lazima kijulikane. Kumficha mtu unayejua yuko nchini kinyume cha sheria ni kosa, na wema wa kimyakimya umewahi kuwapeleka wenyeji kortini pamoja na wageni wao. Ripotini kwanza, ndipo mumlaze.

Kwa wanaouliza kwa nini tujisumbue: mapema 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, maelfu ya Wakenya walivuka Malaba na Busia wakielekea upande mwingine. Uganda iliwapokea Mulanda, karibu na Tororo, kisha wengine wakahamishiwa Kiryandongo. Wakati huo huo uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulikuwa umejaa mahema ya watu wetu. Hakuna aliyewauliza vitambulisho kabla ya kuwapa uji.

Mambo madogo yanayoharibu makubwa

Usiweke picha ya mkimbizi kwenye kundi la WhatsApp wala Facebook, hata kwa nia ya kumchangishia. Waliomfukuza nao wana simu. Usishike karatasi zake asilia "kwa usalama", zibaki mikononi mwake. Waliopotezana na ndugu njiani wapelekwe kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana kazi maalumu ya kuunganisha familia. Namba yao isiyolipiwa ni 1199.

Akishasajiliwa, mwambie azisome tarehe kwenye karatasi yake, kwa sababu vibali huisha na hupaswa kufanywa upya kabla ya siku ya mwisho. Akikataliwa, ana siku 30 za kukata rufaa, na katika siku hizo hapaswi kufukuzwa nchini. Akihama kutoka kambini kuja mjini, abebe kibali cha safari, na kila akibadilisha namba ya simu aiarifu ofisi iliyomsajili, maana wito wa mahojiano huja kwa simu, na asiyepatikana faili lake hufungwa.